Ukianza kusoma maliwali wa Uajemi, anza na barua zao

Wadogo zangu mnaoingia kwenye historia ya Uajemi ya kale, msianze nilivyoanza mimi. Mwaka wa kwanza nilikariri orodha za majimbo yaliyotawaliwa na maliwali hao. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, anataja 20 pamoja na kodi ya kila moja. Mfalme Darius wa Kwanza wa Uajemi, kwenye maandishi ya mwamba wa Behistun huko Iran, anataja nchi 23. Kitabu cha Danieli kinasema watawala 120. Nilihangaika sana kuzipatanisha hesabu hizo, kumbe Herodotus alikuwa akihesabu kodi na Darius akihesabu nchi zilizomtii.

Kilichonifungua macho ni barua ya Arsames, liwali wa Misri katika karne ya 5 K.K., iliyoandikwa kwa Kiaramu juu ya ngozi. Anawaagiza wasimamizi wa mali zake njiani wampe posho mtumishi wake Nakhthor anayekwenda Misri: kila siku vipimo viwili vya unga mweupe, vitatu vya unga wa aina nyingine, viwili vya mvinyo au pombe, na kondoo mmoja. Watu wake 10, kipimo kimoja cha unga kila mtu. Farasi, majani. Na wakikaa mahali zaidi ya siku moja, wasiongezewe kitu.

Isomeni polepole barua hiyo. Liwali wa Misri ana wasimamizi Arbela (Iraq ya leo) na Damascus (Syria), mbali kabisa na jimbo lake! Hakuna orodha itakayokuonyesha hilo.

Kisha msome habari za Oroetes, liwali wa Sardis (magharibi mwa Uturuki ya leo), aliyemuua mjumbe wa mfalme Darius. Alikuwa na walinzi Waajemi 1,000, kwa hiyo Darius hakutuma jeshi. Alimtuma Bagaeus na barua zenye muhuri wake. Bagaeus akawa anamkabidhi karani mojamoja, azisome mbele ya walinzi, huku yeye akiwatazama nyuso. Alipoona wanaziheshimu, akatoa iliyowakataza kumlinda Oroetes; wakaweka mikuki chini. Ya mwisho iliagiza auawe, nao wakamuua palepale. Herodotus aliyasimulia haya miongo mingi baadaye, kwa hiyo msiyameze yote, ila mtazameni yule karani: Herodotus anasema kila liwali alikuwa na karani wa mfalme.

Jifunzeni herufi za Kiaramu mapema. Ni 22 tu, na mimi nilichelewa miaka miwili.