Majibu ya maabara huanzia kitandani kwa mgonjwa

Wadogo zangu mnaoingia wodini kwa mara ya kwanza, iwe Mbeya, Iringa au Njombe, msiichukulie maabara kama kazi ya watu wengine. Mashine hupima kile ulichoipelekea. Sampuli ikiharibika mikononi mwako, majibu yatatoka vizuri tu kwenye karatasi, na yatakuwa ya uongo.

Chupa ya kifuniko cha zambarau, ile ya FBP (kipimo cha jumla cha chembe za damu), ina EDTA, kemikali inayozuia damu isigande kwa kunasa kalsiamu. EDTA hiyo kwa kawaida ni chumvi ya potasiamu. Nimeona wanafunzi wakijaza zambarau kupita kiasi, kisha wanamimina kidogo kwenye nyekundu ya vipimo vya figo ili zilingane. Hapo potasiamu itasomeka juu sana, kalsiamu chini, na daktari ataanza kutibu ugonjwa ambao mgonjwa hana. Usihamishe damu chupa kwa chupa, kamwe. Nyekundu itangulie, zambarau ifuate. Ukishajaza zambarau hadi kwenye alama, igeuze taratibu mara nane hadi kumi, usiitikise.

Juni na Julai baridi ya huku huficha mishipa. Usikaze mkanda wa kubana mkono ukauacha. Ukizidi dakika moja, damu ya mkono ule huanza kubadilika. Funika mkono kwa blanketi upate joto, ndipo utafute mshipa kwa kidole. Ukivuta bomba la sindano kwa nguvu, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu yake, nawe umerudi kulekule.

Damu ya sukari iwekwe kwenye chupa ya kijivu na iwahishwe, maana chembe huendelea kuila sukari hata zikiwa chupani.

Jina liandikwe palepale kitandani, na mgonjwa alitaje mwenyewe. Ukimuuliza "Wewe ndiye Mwakalinga?", mwenye homa kali ataitikia tu. Tukuyu unaweza kuwakuta akina Mwakalinga watatu wodi moja, kwa hiyo linganisha na namba ya faili.

Na kwenye malaria, uliza historia kabla ya kusoma kipimo. Mgonjwa aliyetoka Kyela, akamaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita, mRDT yake, yaani kipimo cha haraka cha malaria, inaweza bado kuonyesha mistari miwili kana kwamba anaumwa, kwa sababu protini ya vimelea hubaki kwenye damu hata vimelea vikishakufa. Iandike hiyo kwenye fomu, uombe damu yake iangaliwe kwa darubini.