Masanduku yafunguliwe kabla gari halijaondoka

Hapana, usifanye hivyo. Umeuliza posho ya vibarua iwe kiasi gani, wanafunzi washirikishweje, na iwapo ni sahihi kuyafunga masanduku ya mabaki ya kale mtakayofukua jirani na magofu ya Engaruka hadi siku ya maonyesho, mwishoni mwa msimu. Nilipofika kwenye hayo masanduku nilishindwa kunyamaza, kwa sababu ndivyo nilivyoharibu mimi katika kijiji kimoja cha Moshi Vijijini, tulikokuwa tukitafuta handaki la zamani la Wachagga kando ya mfongo, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia mashamba, ulioachwa.

Leseni tulikuwa nayo, kama Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavyotaka, na mkutano wa kijiji tuliuitisha. Lakini mshauri wetu, bwana mwenye kofia pana aliyelipwa kwa siku fedha ambazo kibarua hazioni kwa mwezi, alisisitiza kwamba wenyeji wasioneshwe kitu mpaka kazi iishe, ati wataiba. Wangeiba nini? Vigae vya vyungu, mifupa ya mbuzi na mkaa! Nami, msomi mzima, nikaitikia.

Sasa, mkaa wa kupimwa umri hufungwa katika karatasi ya alumini ili usichafuke. Jioni moja mama aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe aliniona nikipanga vifurushi vinavyometa ndani ya sanduku, kisha nikalitia kufuli. Alfajiri gari likaondoka nalo. Anayeujua uvumi wa mali za Wajerumani zilizofukiwa huku kwetu atamalizia mwenyewe. Usiku wa tatu watu walikuja na sululu, na kulipokucha, shimo ambalo tulikuwa tumelishusha kwa mwiko wa mwashi, sentimita tano tano kwa majuma matatu, lilitosha kuegesha Noah. Udongo wa juu na wa chini ukishachanganyika, huwezi tena kujua kigae kililala katika tabaka gani, wala mkaa uliokuwa jirani nacho haukusaidii. Msimu mzima ukawa kifusi. Faraja yangu ni kwamba nao hawakupata hata rupia moja.

Nilikwenda kwa mzee wa ukoo na jani la sale mkononi, kama mila ya kuomba msamaha inavyotaka. Alilipokea, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mkaa huo mngetuonesha jioni ile ile, ungepungua?"

Kwa hiyo kila siku, kabla jua halijazama, tandaza turubai kando ya shimo, panga kila kilichotoka, funga mkaa mbele ya macho yao, na mwenyekiti wa kitongoji pamoja na mzee mmoja watie saini kwenye orodha ambayo nakala yake itabaki kijijini. Asije mtu akakuambia kwamba wakazi wa sasa wa Engaruka, ambao wengi ni Wamasai, hawahusiki kwa kuwa matuta na mifereji ile ya mawe ilijengwa na wakulima wa zamani walioondoka. Wanaochunga mifugo hapo ndio watakaoliona gari lako likitoka. Turubai la kawaida linatosha. La kwetu tulikuwa tumelitumia kufunikia masanduku.