Kapelani wa mabaharia ana mamlaka gani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mume wangu ni baharia, na meli yake ikitia nanga bandarini Mtwara hukaa siku chache tu. Je, kapelani wa mabaharia ana mamlaka yake kisheria, au anamsaidia tu paroko? (Msomaji, Shangani, Mtwara)

JIBU: Milele amina, dada yetu. Ana mamlaka yake. Kanuni ya 564 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamtaja kapelani kuwa padre aliyekabidhiwa kwa namna ya kudumu uchungaji wa jumuiya au kundi maalumu la waamini, na kanuni ya 568 inawataja waziwazi mabaharia kati ya wale ambao hali yao ya maisha inawanyima huduma ya kawaida ya maparoko. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa hati ya Stella Maris, inayomruhusu kapelani wao kutenda yote ya uchungaji wa roho, isipokuwa mambo ya ndoa. Nawe pia umo, jambo ambalo wengi hawalijui, kwa kuwa hati hiyo inawahesabu wake wa mabaharia na watoto wao wadogo kuwa watu wa bahari. Mamlaka ya paroko hayafutwi. Yote mawili yanakwenda pamoja.