Kiapo hicho usikishike, na kikao usikivunje

*Somo yangu, shikamoo. Nimezaliwa Muscat, Oman, wazee wangu wote wawili ni wa Wete, Pemba. Kule skuli niliitwa Mzanzibari. Sasa nimerudi kuishi na bibi, na huku naitwa Mwarabu. Nikizungumza watoto wa mtaani wananicheka, maana Kiswahili changu chote ni cha bibi. Nimepata wenzangu: mmoja kakulia Dubai, mmoja baba yake Mngazija, wawili wamerudi kutoka Uingereza. Kila Ijumaa baada ya alasiri tunakaa kwetu, tunasuka ukili na kuzungumza, na moyo unatulia. Shangazi hataki. Anasema natoa mambo ya watu nje na wala mimi si daktari. Juzi mwenzetu mmoja aliniita pembeni akaniambia hana hamu tena ya kuishi, kisha akaniapisha nisimwambie mtu. Nifanyeje?*
*Mgeni Kwao, Wete*

Marahaba, mwanangu. Naanza na la mwisho, kwa sababu halingoji.

Hilo usilifiche. Najua umeapa, na najua kiapo kinakutia hofu. Lakini tumefundishwa kwamba aliyeapa kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, afanye lililo bora na atoe kafara: alishe masikini kumi au awavishe, na asiyeweza afunge siku tatu. Kumnusuru mwenzio ndilo lililo bora.

Mwendee leo. Mkae wawili, umuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Watu wengi huogopa swali hili wakidhani litamtia mtu wazo. Halimtii. Mara nyingi humpa nafasi ya kutua alichokuwa akikificha peke yake. Usimhubirie kuwa ni dhambi. Analijua hilo, na ukilitaja tu atafunga mdomo. Msikilize mpaka amalize. Akikwambia keshafikiria atafanyaje, usimwache peke yake hata kidogo. Vidonge na dawa za shamba ziondolewe nyumbani mwao, naye umpeleke hospitali ya Wete saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Akisema hajafika huko, mpeleke vilevile kesho asubuhi, na ungoje naye mpaka aonwe. Mtafute pia mtu mzima mmoja anayemwamini yeye, si lazima awe mama yake. Pengine ataogopa kupelekwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Unguja. Mwambie kuwa si kila anayeonana na daktari wa maradhi ya akili hulazwa. Na akikukasirikia, muache akukasirikie.

Sasa shangazi yako. Anasema kweli kuwa wewe si daktari, lakini kusikilizana hakuhitaji udaktari. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa maradhi ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi wa mtaa wa Mbare, Harare. Hawakuwa wauguzi. Walifundishwa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza mtu mwenye mawazo mazito, kisha kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanzia. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopata msaada huo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Na waliosaidiwa wakitoka benchini hujiunga na vikundi, wakafuma mikoba kwa plastiki kuukuu huku wanazungumza. Niliposoma habari ya ukili wenu niliwakumbuka wao.

Ila mabibi wale walifundishwa, na wana wa kumkabidhi mgonjwa likiwazidi. Nyinyi hamna, na hilo ndilo pengo lenu. Siku hiyo hiyo utakapompeleka mwenzio, muombe muuguzi au daktari atakayewaona awe mtu wenu wa kumuendea.

Mambo ya watu yasitoke nje, hapo niko na shangazi kabisa. Linalosemwa kikaoni lisiingie kwenye grupu la WhatsApp wala lisifike kwa bibi. Kila anayekuja aelezwe mapema kuwa siri zote zitatunzwa isipokuwa ya mtu kutaka kujidhuru au ya mtu kudhuriwa. Mngeliweka hilo tangu mwanzo, usingeapishwa.

Lipo jengine hukuliuliza. Hapa kwetu kumwita mtu Mwarabu hakuishii kwenye sura yake. Mapinduzi ya 1964 yaliacha majeraha pande zote. Wako waliokimbia na waliofiwa, na wako ambao wazee wao walidhulumiwa kabla ya hapo. Wengi wa walioondoka walipokelewa Oman baada ya 1970, na nyinyi ni wajukuu wa safari hiyo. Itafika Ijumaa mmoja wenu ataeleza aliyoyasikia kwao, na mwengine akasikia wazee wake wakilaumiwa. Msihukumiane siku hiyo. Aseme kila mtu lililompata yeye, na asitokee wa kumpima mwenzake Upemba wake. Wewe pia hulazimiki kuchagua kati ya Muscat na Wete ili upate haki ya kukaa kwa bibi yako.

Uongozi mpokezane. Unasikiliza watu wote hao, na katika barua yako sikuona anayekusikiliza wewe. Ijumaa hii, kama uko na mwenzio hospitali, mwengine afungue kikao.

Somo wako