Muuaji Akikiri Sebuleni Mbele ya Inspekta, Kesi Inasimama?

SWALI: Wakili msomi, shikamoo. Naandika riwaya ya upelelezi. Mkasa unatokea mwaka 1936 katika nyumba ya mwenye shamba la chai huko Darjeeling, India, enzi za Waingereza. Wageni wanane wamelala humo, mvua za monsuni zimekata barabara, na asubuhi mwenye nyumba anakutwa amekufa maktaba, amechomwa kisu. Kisu chenyewe hakionekani. Mwishoni inspekta wa polisi anawakusanya wote sebuleni, anawaeleza jambo moja baada ya jingine, mpaka muuaji anashindwa kuvumilia na kukiri mbele ya kila mtu. Rafiki yangu aliyesoma sheria anasema kukiri huko ni kazi bure. Ni kweli? Pili, marehemu alimwandikia dada yake aliyeko Calcutta kwamba Ijumaa usiku atakutana na binamu yake kuhusu deni. Barua hiyo inafaa mahakamani au ni tetesi tu? Tatu, mwaka huo India walikuwa wanatumia alama za vidole? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Rafiki yako amesema kweli, ila hakumaliza. Sheria inayobomoa sura yako ya mwisho ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukupa sura nzuri zaidi.

Mwaka 1936 mahakama za India zilifuata Sheria ya Ushahidi ya 1872, iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen. Kifungu chake cha 25 ni kifupi mno: kukiri kosa kwa ofisa wa polisi hakuwezi kutolewa kama ushahidi dhidi ya mtuhumiwa. Basi. Hakisemi "isipokuwa amekiri kwa hiari". Hakiulizi kama alipigwa au alikaribishwa chai na biskuti. Maneno aliyoambiwa polisi yanaishia kwa polisi. Uingereza kwenyewe hapakuwa na katazo la namna hiyo, na ndiyo maana riwaya zinazotokea katika majumba ya mashambani huko zinaweza kumalizika sebuleni bila msomaji kulalamika. Ukilihamisha jumba kwenda Darjeeling, umehamia chini ya sheria nyingine.

Sababu yake haikuwa huruma ya ghafla. Watunga sheria walijua polisi wa India walivyokuwa wakitafuta maungamo. Tume iliyochunguza mateso katika jimbo la Madras ilitoa ripoti mwaka 1855, na katazo hilo likaingia kwanza katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1861 kabla ya kuhamishiwa kwenye sheria ya 1872. Hawakuwaamini polisi wao wenyewe, kwa hiyo wakaona ni heri kufunga mlango wote kuliko kuuliza kila mara nani kapigwa na nani hakupigwa.

Usidhani kumpandisha cheo inspekta wako kutasaidia. Mwaka 1876 Mahakama Kuu ya Calcutta, katika shauri la Hurribole Chunder Ghose, ilikataa maungamo yaliyotolewa kwa naibu kamishna wa polisi wa jiji, ingawa bwana huyo alikuwa pia na mamlaka ya uhakimu. Polisi ni polisi. Hapa kuna mtego mdogo kwa mwandishi: Darjeeling nako kulikuwa na mkuu aliyeitwa Deputy Commissioner, lakini huyo alikuwa mtawala wa wilaya na hakimu wake, si polisi. Vyeo vinafanana kwa jina, kazi ni mbalimbali. Ukiwachanganya, msomaji wa Kihindi atafunga kitabu.

Sasa tuingie sebuleni. Utasema muuaji hakumwambia inspekta, amewaambia wageni wote, na inspekta alikuwepo tu. Wakili wa utetezi angefurahi sana kusikia hoja hiyo. Nani aliyewaita watu? Nani aliyekuwa akiuliza? Na huyo konstebo uliyemsimamisha mlangoni ili asitoke mtu, amemlinda nani? Kifungu cha 26 kinakataa pia maungamo ya mtu aliye mikononi mwa polisi, hata kama anazungumza na mtu mwingine kabisa, isipokuwa hakimu awepo pale pale. Na kuwa mikononi mwa polisi hakuhitaji pingu. Mtu akishanyimwa uhuru wa kuondoka, hoja imeshapata miguu.

Njia ya kwanza ya kutoka ni hakimu. Chini ya kifungu cha 164 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1898, hakimu angeweza kuandika maungamo baada ya kumwonya mtuhumiwa kwamba halazimiki kusema, na kwamba maneno yake yanaweza kutumiwa dhidi yake. Kisha angethibitisha kwa maandishi kuwa anaamini yametolewa kwa hiari. Msomaji wa Tanzania atalitambua jambo hili haraka, maana linashabihiana na mtuhumiwa kupelekwa kwa mlinzi wa amani. Kwa riwaya lina utamu wake: muuaji anakiri kwa kishindo usiku wa Jumapili, barabara imekatika, hakimu yuko ng'ambo ya maporomoko, na inspekta anajua kwamba asubuhi mtu huyu akiamka na akili zake atakana kila neno. Huo ni usiku mrefu kuuandika.

Njia ya pili ni kumwondoa inspekta sebuleni na kumweka mpelelezi wa kujitegemea, au shangazi mstaafu anayependa kuuliza maswali. Kifungu cha 25 kinamgusa ofisa wa polisi tu. Shangazi akiambiwa "ndiyo, ni mimi", anaweza kupanda kizimbani akarudia, mradi hakumtisha wala kumwahidi chochote na mtu huyo hakuwa ameshikwa. Waandishi wengi humweka mpelelezi asiye polisi kwa sababu ya mvuto. India ilikuwepo sababu ya kisheria.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, na umeshaandaa mazingira yake bila kujua, kwa kuwa kisu chako hakijaonekana. Kifungu cha 27 kinasema: mtuhumiwa aliye mikononi mwa polisi akitoa taarifa, na kwa taarifa hiyo kitu kikagunduliwa, basi sehemu ya maneno yake inayohusiana waziwazi na ugunduzi huo inaruhusiwa, hata kama maneno hayo ni ya kukiri. Tuseme kisu chako ni kukri, kile kisu kilichopinda cha Kinepali, na binamu anamwambia inspekta: "Nilimuua kwa kukri, nikaificha chini ya majani kwenye ghorofa ya kunyaushia chai kiwandani. Twende nikuonyeshe." Wanakwenda, kukri ipo. Mahakama itasikia nini? Itasikia kwamba aliificha pale na kwamba alionyesha. "Nilimuua" haitasikika.

Privy Council ya London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, ilikuja kuliweka hilo wazi Desemba 1946 katika shauri la Pulukuri Kottaya, kutoka jimbo la Madras. Mtuhumiwa alieleza walivyomvizia marehemu na kumshambulia, kisha akasema mkuki na fimbo yake ameficha kwenye rundo la majani makavu kijijini. Majaji walibakiza maneno ya kuficha na kuonyesha, wakayafuta mengine yote. Walieleza kwamba kilichogunduliwa si mkuki peke yake, bali mahali ulipokuwa na ujuzi wa mtuhumiwa kuhusu mahali hapo. Kwamba mkuki huo ndio uliotumika kuua, hilo lithibitishwe na mashahidi wengine. Riwaya yako ni ya miaka kumi kabla, kwa hiyo usimpe wakili wako hukumu hiyo aitaje. Lakini kifungu kilikuwepo, na mabishano juu ya neno lipi libaki na lipi likatwe yalikuwepo pia. Mpe inspekta kukri yenye damu na nusu ya sentensi, kisha umwache ahangaike kutafuta nusu ya pili kwa njia halali.

Upekuzi wenyewe una masharti. Kifungu cha 103 cha sheria ya 1898 kilidai polisi apekue mbele ya watu wawili au zaidi wenye heshima wa eneo hilo, na vitu vilivyopatikana viorodheshwe na watu hao watie saini. Katika shamba la chai, wawili hao wangeweza kuwa jirani mwenye shamba la pili na karani mkuu wa Kibengali. Nimesoma hadithi nyingi ambazo inspekta anafungua masanduku ya wageni usiku peke yake na kutoka na barua. Hiyo ni zawadi kwa utetezi. Karani wako anaweza kuwa shahidi wa hatari kuliko wote, kwa sababu anajua kusoma kila lugha inayozungumzwa humo ndani na hakuna anayemwangalia.

Barua ya marehemu. Hapa sheria ya India ilikuwa na mkono mpana kuliko ya Kiingereza. Uingereza, maneno ya marehemu yalikubaliwa ikiwa aliyasema akijua anakufa na amekata tamaa ya kupona. Kifungu cha 32 cha sheria ya 1872 kiliondoa sharti hilo. Kilikubali maelezo ya marehemu, ya mdomo au ya maandishi, kuhusu sababu ya kifo chake au mazingira ya tukio lililosababisha kifo, awe alitarajia kufa au hakutarajia.

Na hapa historia imekuandalia shauri linalokaribia mno hadithi yako. Machi 1937, katika kituo cha reli cha Puri, mwisho wa njia, sanduku la chuma lilikutwa limeachwa kwenye behewa la daraja la tatu. Ndani mlikuwa na mwili wa mwanamume uliokatwa vipande saba. Marehemu aliwahi kuwa tarishi wa aliyekuwa waziri wa Pithapur, na alikuwa amemkopesha binti wa waziri huyo rupia 3,000 kwa riba ya asilimia 18. Siku moja kabla ya safari alipokea barua isiyo na saini ikimwita Berhampur. Alimwambia mkewe kwamba anakwenda huko kwa sababu mke wa Pakala Narayana Swami, yaani binti yule, amemwandikia aje achukue pesa zake. Hakurudi, na Pakala akashtakiwa kwa mauaji yake.

Je, maneno aliyomwambia mkewe yalikuwa "mazingira ya tukio"? Alipoyasema alikuwa mzima, nyumbani kwake, hana habari ya kifo. Shauri lilipanda mpaka Privy Council, na hukumu ya Lord Atkin ya Januari 1939 ikasema ndiyo. Mazingira lazima yawe na uhusiano wa karibu na tukio lenyewe. Hofu ya jumla au mashaka yasiyohusiana na kifo hayatoshi, lakini kusema "nakwenda mahali fulani kwa sababu fulani ameniita" kunatosha. Hukumu hiyo hiyo iliyakataa maelezo ambayo mshtakiwa aliwapa polisi kabla hajakamatwa, kisha rufaa ikatupwa kwa nguvu ya ushahidi uliobaki. Mawakili wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri, maana mahakama zetu zimeitaja mara nyingi.

Kwa hiyo barua ya marehemu kwenda kwa dada yake inaingia, mradi imtaje binamu, ieleze miadi yenyewe na iwe karibu na kifo. Ukiandika tu "nahisi watu wa nyumba hii hawanipendi", haina kazi mahakamani, ingawa kwenye riwaya inaweza kumpoteza msomaji kwa sura tatu.

Alama za vidole hazina ubishi. Ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na wataalamu wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ndio walioufanyia kazi mfumo uliokuja kubeba jina la bosi wao, Edward Henry. Shauri lao mashuhuri linatoka jirani kabisa na Darjeeling: meneja wa shamba la chai wilayani Jalpaiguri alikutwa amechinjwa kitandani, kisanduku chake kimepekuliwa, na kwenye kalenda ya Kibengali iliyokuwamo kulikuwa na alama ya kidole gumba yenye damu. Ililingana na ya Kangali Charan, mtumishi wake wa zamani aliyewahi kufungwa kwa wizi. Mwaka 1898 mahakama ilimtia hatiani kwa wizi, ikamwachia kwenye mauaji, kwa kuwa alama ilithibitisha kwamba alishika kisanduku, haikuthibitisha kwamba alishika kisu. Mwaka uliofuata Sheria ya Ushahidi ikarekebishwa ili mtaalamu wa alama za vidole atambulike. Kufikia 1936 hilo lilikuwa jambo la kawaida.

Tahadhari moja, maana naona unatoka Tanga na huenda umesoma sheria yetu. Sheria ya India ilitumika Tanganyika chini ya Waingereza mpaka tulipotunga Sheria ya Ushahidi yetu mwaka 1967, na vifungu vingi vimerithiwa karibu neno kwa neno. Lakini kwenye maungamo tumeachana: Tanzania ya leo, mtu akikiri kwa polisi kwa hiari yake, maelezo hayo yanaweza kupokelewa. India bado wamefunga mlango. Walipoifuta sheria ya 1872 na kuanza kutumia mpya Julai 2024, katazo hilo walilibeba kama lilivyo. Usichukue maelezo ya onyo ya kituo cha polisi Chumbageni ukayapeleka Darjeeling.

Hujaniuliza nani angemhukumu binamu, ila itabidi uamue mapema. Wilaya nyingi za India kesi ya mauaji ilisikilizwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, na juri ilikuwa katika wilaya chache zilizotangazwa. Mshtakiwa akiwa Mwingereza mambo yalibadilika: angeweza kudai juri ambayo wengi wake ni Wazungu au Wamarekani. Haki ya namna hiyo Waingereza waliipigania kwa kelele kubwa wakati wa muswada wa Ilbert mwaka 1883, uliotaka mahakimu wa Kihindi waweze kuwahukumu Wazungu. Kenya ya kikoloni nayo ilikuwa na juri ya Wazungu watupu, ndiyo iliyomwachia Sir Jock Delves Broughton mwaka 1941 katika mauaji ya Lord Erroll. Binamu wako ni Mwingereza, Mbengali, au mtoto wa wote wawili? Niandikie ukishaamua, nikueleze kizimba chake kingekuwa katika mahakama ipi.