Maswali na Majibu: Kununua na Kutumia Massey Ferguson 135

Barua nyingi nilizopokea msimu huu zinahusu trekta moja, Massey Ferguson 135, lililotengenezwa katika kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964 hadi 1975, na ambalo hadi leo linalima mashamba ya wakulima wengi wadogo wa Afrika Mashariki. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamoo mzee. Hapa Babati nauziwa 135 lililopakwa rangi upya, linang'aa kuanzia boneti hadi madigadi. Nikague nini kabla ya kutoa fedha? (Mkulima kijana, Babati)

Marahaba, mwanangu. Rangi hiyo isikufurahishe wala isikutishe, kwa kuwa haisemi lolote kuhusu injini. Ila ichunguze mahali ambapo injini inaungana na gia boksi, maana hapo ndipo nyufa zilizochomelewa hufichwa chini ya rangi nzito.

Mwambie muuzaji mapema kwamba utafika asubuhi na kwamba trekta lisiwashwe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ni ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyochoka huwaka vizuri ikishapashwa joto na hujulikana tu inapowashwa ikiwa baridi. Injini ya Perkins ya silinda tatu, yenye ujazo wa lita 2.5, ikiwa nzima huwaka bila kusumbua stata kwa muda mrefu. Moshi mweupe kidogo mwanzoni si tatizo. Moshi wa bluu usioisha maana yake ni kwamba injini inakula oili, na moshi mweusi mzito trekta likiwa halina mzigo unaashiria nozo au pampu ya dizeli, au pengine filta ya hewa iliyoziba tu. Injini ikishapata joto, fungua kifuniko cha kujazia oili: mvuke ukitoka kwa nguvu na kwa mapigo, injini inapumua, yaani ringi na laina zimekwisha, na gharama ya kuifungua lazima ipunguzwe kwenye bei au uachane nayo.

Baada ya hapo nenda nyuma, sehemu ambayo wanunuzi wengi huisahau. Katika 135, gia boksi, haidroliki na difu hutumia oili moja, karibu lita 30. Chomoa kijiti cha kupimia na utazame rangi yake. Ikiwa ni kama chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi ni ya mvua yanayopenya kwenye mpira wa mti wa gia uliochanika. Mimi mwenyewe niliwahi kununua trekta bila kuchomoa kijiti hicho, kwa kumwamini muuzaji aliyekuwa mtu wa kusifiwa na wengi, na msimu wote wa kwanza nikawa namlipa fundi badala ya kulima. Kwa hiyo nakusihi: oili yenye maji iliyokaa miezi mingi huwa imeshakula beringi, na kuibadilisha wakati huo hakurudishi kilichokwisha kuharibika.

Funga plau, inyanyue, kisha uzime injini. Ikishuka taratibu, huo ni uzee wa kawaida. Ikianguka mara moja, silinda ya haidroliki au vali zake zinavujisha. Mwisho, omba kulima nalo kwa saa nzima, kwa sababu trekta linalochemsha halitachemsha likiwa limesimama uani. Linganisha namba iliyo kwenye bamba la trekta na ile ya kwenye kadi, na malipo ya mwisho yafanyike pamoja na kuhamisha umiliki TRA, si baadaye.

Nina ekari 30 Kitale. Wengine wananiambia 135 ni dogo mno na kwamba ninunue 165. Ukweli ni upi? (Mama mkulima, Kitale)

Mama, tupige hesabu. Plau ya diski mbili hukata upana wa takriban nusu mita. Ukitembea kilomita 5 kwa saa, unapata mita za mraba 2,500 kwa saa, lakini kugeuza mwishoni mwa shamba na kusimama kwa hapa na pale hula zaidi ya robo, na hivyo unabaki na kama 1,800. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo itakuchukua saa mbili na robo hivi, na siku ya saa nane itakupa ekari tatu na nusu. Ekari zako 30 zitakwisha kwa siku tisa, ikiwa hakuna kilichovunjika. Kwa shamba lako mwenyewe, 135 linatosha, mradi uanze mapema na usiache kila kitu kingoje mvua ya kwanza.

Kama unakusudia pia kulima mashamba ya majirani kwa malipo, chukua 165. Lina silinda nne na linavuta plau ya diski tatu katika udongo ambao ungelifanya 135 lihangaike. Kuhusu dizeli, usitegemee takwimu za mtu mwingine: jaza tangi hadi juu, lima ekari moja, kisha jaza tena na uandike lita zilizoingia. Bila namba hiyo ya udongo wako, bei utakayowatoza majirani itakuwa ya kubahatisha.

Trekta lilikatikiwa na dizeli katikati ya shamba. Nimejaza, lakini haliwaki, na betri imekwisha kwa kupiga stata. (Mkulima, Mbozi)

Hewa imeingia kwenye mfumo wa dizeli, na stata peke yake haiwezi kuitoa kwa urahisi. Legeza skrubu ya juu ya filta, kisha sukuma kwa mkono kile kiwiko cha pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini hadi dizeli itoke bila povu, halafu kaza. Ikiwa kiwiko hakina nguvu yoyote, zungusha injini kidogo, kwa kuwa kemu imesimama mahali ilipokwisha kuisukuma pampu hiyo. Fanya vivyo hivyo kwenye skrubu za pampu kubwa. Kisha legeza nati za mabomba kwenye nozo, piga stata kwa muda mfupi hadi dizeli iruke, kaza, na injini itawaka. Usiweke uso wala mkono karibu na dizeli inayoruka kutoka kwenye nozo, maana msukumo wake unaweza kupenya ngozi, na jeraha la namna hiyo ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo hata likionekana dogo kama tundu la sindano.

Usiruhusu jambo hili kurudia. Pampu kubwa hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine, hivyo kila inapokauka au kupewa dizeli yenye maji na mchanga inajisaga.

Tunang'oa visiki kwa 135. Magurudumu ya mbele hunyanyuka, kwa hiyo vijana wamefunga mawe mbele. Je, inatosha? (Kilosa)

Haitoshi, na ninaomba msimamishe kazi hiyo hadi mrekebishe mahali pa kufunga mnyororo. Ukifungwa juu, kwenye pini ya mkono wa juu wa kunyanyulia au kwenye eksili yenyewe, kisiki kinapogoma magurudumu ya nyuma hushindwa kusonga na badala yake trekta hujizungusha juu ya eksili na kumwangukia dereva kwa nyuma. Hutokea kwa muda mfupi kuliko ule wa mguu kufika kwenye klachi. Mnyororo ufungwe chini tu, kwenye boriti ya kuvutia, na kisiki kichimbwe na kukatwa mizizi kwanza. Uingereza iliyalazimisha matrekta mapya yote kuwa na kinga ya dereva dhidi ya kupinduka kuanzia mwaka 1970, maana yake ni kwamba mengi ya 135 yaliyouzwa kabla ya hapo hayana kabisa. Chuma cha kinga kilichotengenezwa na kupimwa kwa ajili ya trekta hilo ndicho kifungwe, pamoja na mkanda.

Kwa kuwa Kilosa ina miteremko, niongeze hili: kama trekta lenu lina Multi-Power, yaani mfumo wa kubadili kati ya kasi ndogo na kubwa ndani ya kila gia bila kukanyaga klachi, mkiteremka na tela lililojaa likiwa kwenye kasi ndogo ya mfumo huo, injini hailishikilii trekta, nalo huteleza kama liko nyutro. Ingizeni kasi kubwa ya Multi-Power pamoja na gia nzito kabla ya kuanza kuteremka, na pedali mbili za breki ziunganishwe.

Je, watoto wanaweza kukaa kwenye madigadi tukienda shambani? (Iringa)

Hapana. Hata kwa mwendo wa kobe.

Ninaishi Coventry kwenyewe, na 135 ni mengi kwenye minada ya vijijini. Nitume moja nyumbani Moshi? (Msomaji, Uingereza)

Inawezekana, ndugu, lakini fahamu kwamba mengi ya hayo yamekaa miaka bila kazi. Tazama ubavu wa bloku kama una ufa, kwa sababu maji yaliyoachwa bila dawa ya kuzuia kuganda hupasua chuma wakati wa baridi kali. Kabla ya kulipa, mpe wakala wako wa forodha wa Dar es Salaam mwaka na namba ya trekta akujibu kwa maandishi kuhusu masharti na ushuru, na lioshwe udongo wote, hata ulio ndani ya rimu, ili lisizuiliwe bandarini. Spea zisikutie hofu: Pakistan na India ziliendelea kutengeneza matrekta ya ukoo huohuo kwa miongo mingi, na vipuri vyake vingi huingia kwenye 135 bila marekebisho. Mpelekee nduguyo huko Moshi filta, gasketi na nozo za akiba ndani ya kontena hilohilo.