Nyuzi Nane Bila Kutatana: Ninavyopanga Bangili Zangu za Mafundo

Dawa ya nyuzi zangu kutatana niliipata saluni, Kimara, Dar es Salaam, nikisubiri zamu yangu ya kusukwa. Msusi alikuwa anamalizia kichwa cha dada mmoja aliyetaka rasta ndogo ndogo. Nikaona kwamba kabla hajagusa fungu analosuka, anabana nywele zote zilizobaki. Rasta zake zilikuwa zimepangwa pajani, zote zimeelekea upande mmoja. Mkono wake haukutafuta kitu hata mara moja.

Wiki hiyo nilikuwa na kazi ya bangili 12 za mabinti waliokuwa wanamaliza kidato cha nne, kila mmoja avae rangi zilezile wakumbukane. Nilikuwa nimemaliza tano. Ya sita niliifungia pini kwenye goti la suruali ndani ya basi la mwendokasi, maana ukipandia Kimara mwisho asubuhi na mapema siti unapata. Tulipofika Gerezani watu wakasukumana kushuka, nikaichomoa na kuitumbukiza mkobani. Jioni nilitoa dodoki. Nilikaa karibu saa nzima nikizikwamua zile nyuzi, na nilipomaliza nikagundua jambo lililoniuma zaidi: sikujua tena ni uzi upi unaofuata.

Hapo ndipo nilipotenganisha mambo mawili ambayo siku zote nilikuwa nayachanganya. Nyuzi kutatana ni jambo moja, nyuzi kupoteza mpangilio ni jingine. La kwanza linakula muda wako, la pili linaharibu bangili. Kwa hiyo mimi hulinda mpangilio kwanza.

Tuanze na bangili rahisi ya mistari ya mshazari. Una nyuzi nane. Uzi wa kushoto kabisa unaongoza: unafunga fundo juu ya wa pili, kisha wa tatu, hadi unafika kulia kabisa. Halafu uliobaki kushoto nao unaanza. Maana yake ni kwamba wakati wowote unapomaliza mstari, rangi iliyopumzika muda mrefu kuliko zote iko kushoto, na iliyotoka kufanya kazi sasa hivi iko kulia. Ukipotea, soma bangili yenyewe. Mstari wa mwisho ni mwekundu? Basi mwekundu uende kulia kabisa. Uliotangulia ni wa njano? Njano ikae kushoto kwa nyekundu. Endelea kurudi nyuma hivyo hivyo mpaka nyuzi zote nane zipate nafasi zake. Laiti ningelijua hili siku ile, ile saa isingeniumiza kichwa.

Lakini kusoma huko kunawezekana tu kama hukuacha kazi katikati ya mstari. Hii ndiyo kanuni ninayowasisitizia wote ninaowafundisha: maliza mstari ndipo uinuke. Simu ikiita, acha iite. Uzi kiongozi ukiachwa katikati ya wenzake, ukirudi utauona ni uzi kama nyuzi nyingine.

Kwa bangili ya mishale, ile ambayo mistari yake inakutana katikati, nyuzi za kulia ni kivuli cha nyuzi za kushoto. Hapo natumia vibanio vya kuanikia nguo, kimoja kwa nyuzi nne za kushoto na kingine kwa nne za kulia. Nikifanya kazi upande mmoja, upande wa pili unabaki umebanwa. Huo ni ujuzi wa msusi, sikuongeza kitu.

Sasa mikia, yaani sehemu za nyuzi zinazoning'inia bila kufungwa bado. Mstari mmoja wa nyuzi nane una mafundo saba, na kila fundo ni mizunguko miwili, kwa hiyo mkia wa uzi kiongozi unapita kitanzini mara 14 kabla ya kufika ng'ambo. Kila unapopita unaweza kuzoa mikia ya wenzake. Ukikata nyuzi za mita mbili kwa kuogopa kupungukiwa, unajitafutia kazi. Kwa mkono wa mtu mzima na mistari ya mshazari, mita moja kwa kila uzi inanitosha, kwa sababu nyuzi zote zinaongoza kwa zamu na kupungua pamoja. Fungu la uzi wa kudarizi lenye mita nane linakupa nyuzi nane. Mimi huzungusha uzi kwenye mgongo wa kiti cha plastiki, mzunguko mmoja unakaribia mita, kisha nakata sehemu moja tu na nyuzi zote zinatoka sawa. Usivue vile vikaratasi viwili vinavyoshika fungu kabla hujamaliza kukata. Fungu lililovuliwa hutata hata likiwa ndani ya droo.

Kila baada ya mistari miwili nachanua mikia kwa vidole, kuanzia karibu na mafundo kushuka chini. Ni sekunde chache tu.

Wapo wanaoviringisha kila uzi kwenye kipande cha kadibodi. Nimejaribu. Kwa bangili ya nyuzi nane naona kunachelewesha bila sababu. Lakini kwa bangili zenye majina, ambapo uzi mmoja ndio unaofunga karibu mafundo yote, hapo kadibodi ni lazima, maana uzi huo unakula mita nyingi huku wengine wakipungua kidogo tu. Nakata boksi la dawa ya meno, kipande cha urefu wa vidole viwili, napasua kidogo ukingoni ili uzi ushike, na kuacha nje kama sentimita 25 za kufanyia kazi.

Neno kuhusu rangi, kwa sisi tunaofunga mafundo usiku na umeme wa kukatika. Usiweke bluu iliyokolea jirani na nyeusi. Chini ya tochi ya simu hazitofautiani, na utakuja kuona kosa asubuhi. Tena uzi ukiununua Kariakoo, kabla ya kukata chovya kipande kidogo kwenye maji na ukikandamize kwenye kitambaa cheupe. Kwa joto la Dar na jasho letu, uzi unaochuja utauchafua uzi wako mweupe bangili ikiwa bado iko mikononi mwako.

Kusafiri nayo nako kuna namna yake. Sasa nina kadibodi ngumu niliyoichanja ukingoni michanjo minane. Bangili inabanwa juu, kila uzi unaingia kwenye mchanjo wake kwa zamu yake, na mikia naizungushia nyuma. Nikishuka kituoni, inaingia mkobani hivyo hivyo.

Na zikishatatana? Usivute. Kiswahili chenyewe kinakuelekeza: kilichotata hutatuliwa, hakikatwi wala hakivutwi. Weka mezani, mbali na feni, ulegeze lile donge kwa kulipanua pande zote mpaka lionekane kama wavu. Halafu chagua uzi mmoja tu, mfupi kuliko wote, uufuatilie kutoka kwenye fundo la bangili hadi ncha yake ukiutoa taratibu. Ukitoka, ubane pembeni. Chukua unaofuata. Ncha ya pini inasaidia pale palipokaza sana. Ile ya sita niliirudisha hivyo, nikazipanga rangi kwa kusoma mistari, na Ijumaa iliondoka na wenzake 11.